Sahani ya Mwalimu

Siku tuliyomzika mama yangu, kila aliyenishika mkono aliniambia alikuwa malaika. Nilimwitikia kila mmoja, ahsante, ahsante sana, huku moyoni najiuliza ni malaika gani huyo anayekoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Mama yangu alikuwa mtu. Alipenda ubishi. Akisikiliza redio alikuwa anaijibu, tena kwa hasira, na kabla hajapata chai yake ya asubuhi ilikuwa heri umpitie mbali. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata ni sifa tupu, na sitaki mtu adhani natia chumvi.

Kazi yake ilikuwa kuuguza watu majumbani kwao. Hakusomea. Alianza kwa kumuuguza mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, na majirani walipoona bibi amelala kitandani muda wote ule bila kupata kidonda hata kimoja mgongoni, wakaanza kubisha hodi. Njoo utuangalizie mzee wetu. Njoo, mama amekataa kuoga. Alikwenda. Aliingia nyumba ambazo mgonjwa yuko chumba cha nyuma, ndugu wamechoka hadi wamenuniana, kila mmoja anaona mwenzake anakwepa zamu. Baada ya siku chache ungekuta dirisha limefunguliwa, mashuka yananukia sabuni, na wale ndugu wameanza kusemezana tena.

Hakumgusa mtu kabla ya kumwambia anachotaka kufanya, hata kama mtu mwenyewe hasikii wala haoni. "Sasa nakuinua bega, polepole. Sasa nakugeuzia ukutani, polepole, usiogope, nimekushika." Mtaa mzima ukamwita Mama Polepole, na watoto wadogo walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Baba yangu ni seremala. Alikuwa na karakana yake ya meza na makabati, biashara nzuri tu, mpaka mke wake alipoanza kumletea oda zisizoeleweka. "Fundi, kitanda cha yule mzee kiko chini mno, mgongo utanikatika." Baba akachonga magogo ya kunyanyulia kitanda. "Fundi, nataka kitu cha kumwegemeza mtu akae bila kuteleza." Baba akachonga egemeo, akalipiga msasa, akalipiga tena, kwa sababu mama alimwambia ngozi ya mtu mzee inachanika upesi. Alilalamika kila siku. "Mimi nilioa mwanamke mmoja," aliwaambia wateja wake, "nikajikuta nimeoa wagonjwa wa mtaa mzima." Lakini sikuwahi kuona meza ya mteja aliyoipiga msasa kama alivyopiga yale maegemeo.

Kaka yangu ni dereva wa lori, kila mtu anamwita Gia. Akiwa nyumbani ndiye aliyebeba wagonjwa kuwapeleka hospitali, maana ana kifua cha kubeba mtu kama anabeba mto. Mimi ni fundi wa nguo. Nilishona magauni ya kulalia yanayofunguka mgongoni, yenye kamba za kufunga, ili mgonjwa asivutwe mikono wakati wa kuvalishwa. Kwa kifupi mama alikuwa ametuajiri sote bila kutuuliza. Mimi aliniita Cherehani, na haikuwa kwa sababu ya kazi yangu. Mdomo wangu hauna breki, nakiri, na katika kisa hiki utaona.

Sasa nije kwa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha nusu ya watu wazima wa mtaa wetu kusoma. Alimfundisha Gia, na mpaka leo Gia akitazamwa naye anaficha mikono nyuma kama vile ana kucha chafu. Hakuolewa. Alimlea mtoto wa kaka yake, akamsomesha, yule kijana akapata kazi mji wa mbali, mambo yakaenda vizuri. Kisha kiharusi kikamwangusha Mwalimu. Kiliondoka na upande wake wa kulia na maneno yote. Sauti ilibaki, akili ilibaki, na macho ndiyo yalizidi ukali. Mtoto wa kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa anaishi chumba kimoja na wenzake wawili, akampigia mama yangu simu akimwomba amwangalie shangazi yake. Hakumtupa. Alipiga simu kila Jumapili, na likizo alikuja. Mwenye nyumba ya Mwalimu alipotaka nyumba yake, mama alimleta kwetu kwa wiki moja tu, mpaka ipatikane nyingine. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Tatizo kubwa la Mwalimu lilikuwa chakula. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi, ila ulitetemeka. Siku za mwanzo, kabla hata hajakabidhiwa kwa mama, alijaribu kula mwenyewe mbele ya wageni waliokuja kumpa pole, mchuzi ukammwagikia kifuani, na mmoja wao akamfuta kidevu akimsemesha kitoto. Tangu siku ile hakushika kijiko. Kulishwa nako hakutaka. Alifunga mdomo, akatazama ukuta. Fikiria mtu aliyesimamisha mistari ya watoto miaka yote ile, leo anaambiwa afungue mdomo ndege iingie.

Mama alihangaika naye. Alibembeleza, akatania, akanyamaza. Ikafika siku moja mchana, tangu asubuhi mama hajatia kitu tumboni, na sahani ya viazi vya kuponda inapoa mbele yake. Njaa ikamshinda. Akachukua kijiko kingine, akachota kwenye sahani ya mgonjwa, akala. "Mh," akasema, "huyu aliyepika leo amegombana na chumvi." Mwalimu akacheka. Mama alituhadithia jioni hiyo, anasema alicheka kwa sauti, na alipomaliza kucheka akafungua mdomo.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo njia. Sahani moja, vijiko viwili. Kijiko kimoja chako, kijiko kimoja changu. Baadaye mama aligundua kwamba njia hiyo ilikuwa na faida nyingine: mtu aliyepigwa kiharusi anameza taratibu, ukimharakisha anapaliwa, na wakati wewe unatafuna cha kwako unampa yeye nafasi ya kumeza cha kwake. Alitufundisha kutazama koo. Usichote kingine mpaka uone koo limepanda na kushuka. Lakini faida haikuwa sababu. Sababu aliisema waziwazi, tena kwa ukali, siku Gia alipouliza kwa nini asilishwe tu halafu sisi tule chetu. "Mwalimu halishwi katika nyumba hii," mama alisema. "Mwalimu anakula na wenzake."

Basi sahani ya Mwalimu ilikuwa inakaa katikati ya meza, kubwa, imejaa, na yeye ndiye aliyechagua atakula na nani. Alikunyooshea kidevu, ukasogeza kiti. Gia akirudi safari aliitwa yeye kwanza, na utamwona dume zima la lori limejaa furaha kama limepata vema kwenye daftari. Baba aliitwa akiwa amevimbiana na mama. Mimi niliitwa mara nyingi zaidi, nadhani kwa sababu nikiwa na kijiko mdomoni nilinyamaza kidogo.

Mama aliugua muda mfupi. Moyo, walisema. Yule aliyewauguza wengine maisha yake yote alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote, anatuelekeza kila kitu, hapana, si hivyo, shika hapa, umesahau kuniambia unanigeuza. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba mto uko juu mno. Nikaupunguza. Akasema ahsante, akalala, hakuamka tena. Sina la kulalamika kuhusu kifo hicho. Aliondoka akiwa ameshikwa, na waliomshika walikuwa wamefundishwa na yeye mwenyewe.

Tulipotoka mazikoni nilirudi na kukaa kwenye kile kiti cha mama, kando ya Mwalimu, nikachukua vijiko viwili. Sikuhitaji kuambiwa. Shida ilikuwa kwamba chakula hakikupita kooni mwangu. Kila nikitia kitu mdomoni kilizunguka tu. Basi nilifanya hivi: nilimpa Mwalimu kijiko chake, kisha nikachota kidogo kwenye kijiko changu, nikakigusisha mdomoni, nikakirudisha. Kwa hiyo mwendo ulikuwa uleule na nafasi ya kumeza ilikuwepo. Niliona nimepata njia nzuri, na sikumweleza mtu.

Mwalimu akaanza kupunguza kula. Mwanzoni alibakisha kidogo, baadaye akala nusu, baadaye vijiko vichache tu kisha anafunga mdomo na kunitazama. Nilijaribu kila ninachokijua. Viazi, boga, uji mzito, wali uliopikwa ukalainika hadi ukawa kitu kingine. Muuguzi wa zahanati alikuja akamtazama koo, akasema halina tatizo, labda ni huzuni, tumpe muda. Mifupa ya mabega ikachomoza. Nikayapunguza magauni yake ubavuni, huku na huku. Sketi yangu nayo ilikuwa inashuka, nikaibana kwa pini nikaendelea na kazi. Baba alitutazama asubuhi moja, mimi na Mwalimu, tumekaa pamoja barazani. "Nyie wawili mnashindana?" akauliza. Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Jumapili mtoto wa kaka yake Mwalimu alipopiga simu, baba akamwambia ukweli. Baba hajui kuficha jambo, hajui kabisa. Ijumaa yake kijana akawa mlangoni.

Nilisema kijana, lakini alikuwa mwanamume wa makamo sasa, miwani, viatu vinang'aa, kipara kinaanza. Moyoni nikambatiza Bwana Viatu. Akamsalimia baba kwa heshima, "Shikamoo mzee, poleni sana na msiba," akanisalimia mimi, akaenda moja kwa moja barazani alipokuwa shangazi yake. Alipiga magoti akamshika mkono. Mwalimu alitoa sauti ya furaha. Mpwa wake alimshika tu kiwiko, akapandisha vidole hadi begani, akihisi mifupa, na aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nawashukuru," alituambia ndani, mimi na baba. "Sitaacha kuwashukuru. Ila aliyekuwa anamwangalia hayupo tena. Mjini kwangu kuna nyumba ya kulelea wazee, safi, ina wauguzi usiku na mchana. Nimeshaongea nao. Kesho asubuhi nitaondoka naye."

Nilihisi kama mtu amefungua mlango na baridi ikaingia. Haikuwa haki kwake kunishtua hivyo, na haikuwa haki kwangu kumchukia, maana alichosema kilikuwa na akili. Lakini mimi nilikuwa nimeshampoteza mmoja. Kila asubuhi niliamka kwa sababu kuna mtu wa kugeuzwa, kuna mtu wa kuogeshwa, kuna sahani ya kupakuliwa. Nikifikiria nyumba ile bila Mwalimu nilikuwa sioni kitu kingine ila cherehani na ukuta. Na Mwalimu je? Huko kwa wauguzi wa usiku na mchana, nani angekaa naye na kijiko cha pili? Nilijua jibu. Wangemlisha, angefunga mdomo, na basi.

"Tule kwanza," baba akasema. "Hakuna mtu anayepanga safari na njaa."

Gia alikuwa amerudi safari asubuhi ileile. Nilimvuta jikoni nikamnong'oneza yote, na pale jikoni tukakubaliana, wapumbavu wawili, kwamba tukimwonyesha Bwana Viatu jinsi shangazi yake anavyokula vizuri kwetu atabadili mawazo. Nikapakua sahani kubwa, wali laini, mchuzi, boga juu yake. Nikaiweka katikati. Kila mtu akapewa sahani yake pia, ila hakuna aliyeigusa.

Sijui nani alianza. Nadhani Gia. Alichota kwenye sahani ya Mwalimu kijiko kilichojaa, akala, akasema, "Aisee, tamu!" huku anamwangalia Mwalimu kwa jicho la kumwita. Mwalimu akakubali kijiko kimoja kutoka kwangu. Nikagusisha changu mdomoni. Baba akaona aongeze nguvu, akachota na yeye, akafumba macho kuonyesha utamu. Gia akarudia. Baba akarudia. Walikuwa wanamtia hamu, unaelewa, kila mmoja anajitahidi kula kwa furaha zaidi ya mwenzake. Mwalimu akala cha pili, akafunga mdomo. Wao wakazidisha juhudi. Nilipotazama sahani ilikuwa imebaki nusu, na wote wawili midomo imetuna.

Kiti kikakwaruza sakafu. Bwana Viatu alikuwa amesimama.

"Hivi," alisema, "mnakula chakula cha mgonjwa?"

Gia alitaka kujibu lakini mdomo ulikuwa umejaa.

"Mbele yangu! Mna sahani zenu hapo, zimejaa, na mnamlia yeye ya kwake! Kumbe ndiyo maana amebaki mifupa!"

Ungetegemea nieleze kwa utulivu. Sikueleza kwa utulivu. Damu ilinichemka, nikasimama na mimi, nikampa vidonge vyake vyote. Nilimwambia mama yangu amekula na shangazi yake katika sahani ile mpaka siku alipougua. Nilimwambia anajua nini kuhusu mifupa ya mtu asiyemwogesha. Nilimwambia aangalie viatu vyake, vina rangi nyingi kuliko haya yake, na hilo lilikuwa neno la kijinga ambalo hata halina maana. Baba akasema, "Cherehani, kaa chini," naye hakuwahi kuniita jina hilo, lilikuwa la mama. Nikakaa.

Baba akamweleza. Polepole, kama mama mwenyewe angeeleza: viazi vilivyokosa chumvi, kicheko, vijiko viwili, koo linalopanda na kushuka. Bwana Viatu alisikiliza akiwa bado amesimama.

"Nimekuelewa, mzee," alisema mwishoni. "Sikatai. Lakini shangazi yangu hali, na macho yangu yanaona. Hebu niachieni nimlishe mimi."

Akavuta kiti, akachota kijiko, akakipeleka. Mwalimu akafunga mdomo.

"Shangazi, kimoja tu. Kwa ajili yangu."

Hakufungua. Alimtazama kwa upendo, hilo lilikuwa wazi, lakini hakufungua. Mkono wa mpwa wake ukabaki hewani, na nikamwonea huruma ghafla, kwa sababu niliujua uzito wa kijiko hicho.

"Kula na wewe," nikamwambia, kwa sauti ya chini sasa. "Chukua kijiko kingine. Chota hapohapo."

Alisita. Akachota, akala, akameza kwa shida kama mtoto aliyelazimishwa dawa. Mwalimu akafungua mdomo, akala. Uso wa Bwana Viatu ukaangaza, na akachota tena haraka. Ila safari hii Mwalimu aligeuza kichwa. Hakumtazama tena mpwa wake. Alinitazama mimi.

Nikajua anataka mimi niendelee. Nikachukua kijiko changu, nikachota kidogo, nikakigusisha mdomoni, nikakirudisha kwenye sahani. Kama kila siku.

Mwalimu akatoa sauti. Gia alinyooka kwenye kiti chake, akanihadithia baadaye kwamba ndiyo ile sauti ya darasani, ile iliyokuwa inakuja kabla ya jina lako kutajwa mbele ya wote. Halafu Mwalimu akanyanyua mkono wake wa kushoto. Akakichukua kijiko kutoka mkononi mwa mpwa wake.

Hakuwa ameshika kijiko tangu siku ile ya wageni. Aliingiza kwenye wali, akachota, na mkono ukaanza kutetemeka kama tulivyojua utatetemeka. Mchuzi ukadondoka mezani, wali ukadondoka kwenye gauni lake. Alikuwa anaona unadondoka. Hakuacha. Mimi nilikwisha kuandaa moyo wa kufurahi, nikidhani anataka kula mwenyewe mbele ya mpwa wake, ili amwonyeshe kwamba anaweza. Kijiko hakikwenda mdomoni mwake. Kilivuka meza kikaja kwangu.

Sikuelewa. Nilirudi nyuma kidogo, na kijiko kikanifuata.

"Fungua mdomo, mwanangu," baba akasema. "Anakusubiri wewe ule. Siku zote hizi alikuwa anakusubiri wewe."

Nikafungua. Nusu ya kijiko iliishia kidevuni, nusu ikaingia. Niliutafuna ule wali, na ulikuwa na ladha, chumvi, mchuzi, boga, kitu ambacho sikuwa nimekisikia ulimini tangu mazikoni. Mwalimu hakuangalia uso wangu. Alikuwa anaangalia koo langu. Alingoja lipande na kushuka, kama mama alivyotufundisha tumngojee yeye, na alipoona nimemeza akashusha mkono, akafungua mdomo wake mwenyewe.

Nikampa. Akala. Akatikisa kidevu kuelekea kijiko changu, nikachota, safari hii nikala kweli. Yeye, mimi, yeye, mimi. Gia aliinuka kimyakimya akaenda kuongeza wali, akarudi na sufuria nzima kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Bwana Viatu alikuwa amevua miwani. Aliifuta kwa kona ya shati, akaivaa, akaivua tena. Nilimngojea aseme. Bado alikuwa na haki yote ya kumchukua, na sasa alikuwa amejua hata namna ya kula naye.

"Nilimwambia bosi wangu nakwenda kumchukua mgonjwa wetu," akasema, akielekeza maneno kwa baba lakini macho yakiwa kwa shangazi yake. "Mgonjwa gani? Mzee, huyu yuko kazini. Nitamwondoaje mtu kazini?"

Baba akacheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa kiganja chake cha seremala.

"Lakini mniruhusu niwe nakuja," Bwana Viatu akaongeza. "Niwe nakuja kula."

"Nyumba hii ina vijiko," nilimjibu. Nilitaka kusema zaidi. Nilitaka kumwomba radhi kwa habari ya viatu, na kumwambia kwamba mama yangu hakuwahi kutuambia kwamba mtu akishauguzwa, naye hujifunza kuuguza, labda hakujua, labda alikuwa anajua na akaona tutagundua wenyewe. Nilitaka kusema ahsante mama, kwa sauti, mbele yao wote. Badala yake nikalia. Sikuwa nimelia mazikoni, wala siku zilizofuata, nilikuwa na kazi. Sasa nililia na chakula mdomoni, bila aibu, hadi kamasi, na baba hakuniambia nyamaza.

Mwalimu alinipa muda. Kisha akagonga meza kwa kidole, mara moja, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Nikala.